Shotgani ya nusu-otomatiki ikigoma: itazame fataki kabla ya kulaumu risasi

Shotgani ya nusu-otomatiki, yaani inayojikoki yenyewe baada ya kila mlio, ikigoma, wa kwanza kulaumiwa huwa ni risasi, na wa pili ni pini inayoigonga risasi. Mwindaji huitoa ile risasi na kuitupa, hukoki nyingine, inalia, na hapo huamini kwamba boksi lile lina risasi mbovu. Mara nyingi risasi aliyoitupa ilikuwa nzima kabisa. Kilichotokea ni kwamba boliti, kile kipande cha chuma kinachoufunga mtutu kwa nyuma, haikufika mwisho wa njia yake na kujifunga, kwa hiyo nyundo ilipoanguka nguvu zake ziliishia kwingine badala ya kuishia kwenye fataki, kile kikombe kidogo kwenye kitako cha risasi kinachoiwasha baruti. Asiyelijua hilo atabadilisha risasi msimu mzima na tatizo litabaki palepale.

Kugoma ninakokuzungumzia hapa ni kule kuvuta kifyatulio ukasikia "tik" tu. Ganda kukwama wakati wa kutoka, au risasi ya pili kukataa kupanda kutoka kwenye magazini, ni matatizo ya aina nyingine, ingawa tutaona kwamba chanzo cha yote mara nyingi ni kimoja.

Kwanza usalama

Kabla ya kutafuta sababu, kuna jambo lisilo na mjadala. Ukivuta kifyatulio na usisikie mlio, mtutu ubaki umeelekea upande usio na mtu, kidole kitoke kwenye kifyatulio, nawe usubiri angalau sekunde 30. Fataki huweza kuwaka kinyonge na baruti ikachelewa kushika moto, na mlio ukaja baada ya kitambo. Kwa risasi za kisasa hali hiyo ni nadra. Lakini ikitokea wakati umeshafungua boliti, ganda litapasuka nje ya chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, karibu na uso na mikono yako. Bunduki ya nusu-otomatiki humponza mtu hapa, kwa sababu mkono umezoea kwenda mbio kwenye kishikio cha boliti ndege wakiwa bado hewani. Subiri. Muda ukipita, weka uso mbali na tundu la kutolea maganda, fungua boliti, toa risasi na uishike mkononi.

Ukifungua na isitoke risasi yoyote, usiweke nyingine. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa kubwa mtutu huwa mwembamba; hivyo risasi ya geji 20 ni nyembamba kuliko ya geji 12. Ikiingizwa kwa bahati mbaya katika chemba ya geji 12 huteleza mbele na kunasa mwanzoni mwa mtutu, mahali ambapo pini haiwezi kuifikia. Mwindaji husikia "tik", hufungua, huona chemba tupu, hudhani alisahau kuweka risasi, kisha huweka ya geji 12 nyuma ya ile iliyonasa. Hiyo ya nyuma ikilia, mtutu hupasuka mbele kidogo ya chemba, karibu na mahali unapokaa mkono unaoushikilia. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano. Wenye bunduki za geji zote mbili wasichanganye risasi zao katika mfuko mmoja wa koti, hata kwa safari fupi. Na kila "tik" iliyoacha chemba tupu ifuatwe na kuutazama mtutu wote kwa ndani, bunduki ikiwa imetolewa risasi zote, mpaka uone mwanga upande wa pili.

Kuna pia mlio hafifu, "pufu" isiyo na kishindo wala msukumo wa kawaida begani. Hapo fataki imewaka lakini baruti haikuwaka vizuri, na kibanio cha plastiki kinachobeba marisau huenda kimebaki ndani ya mtutu. Risasi dhaifu namna hiyo haina nguvu ya kuendesha boliti, kwa hiyo bunduki haitajikoki yenyewe. Chukua huko kutojikoki kuwa onyo. Anayekoki kwa mkono na kupiga tena anapiga kwenye mtutu ulioziba.

Alama kwenye fataki

Fataki ni kile kikombe kidogo cha chuma katikati ya kitako cha ganda. Ndani yake kuna kemikali inayowaka kwa kugongwa, na kipande kidogo kinachofanya kazi ya fuawe. Pini ikibonyeza kikombe, kemikali hubanwa kati ya kikombe na fuawe hiyo na kuwaka. Kinachotakiwa ni pigo la ghafla lenye nguvu ya kutosha. Msukumo wa taratibu, hata ukiacha alama, hauiwashi.

Basi itazame. Ikiwa katikati kuna shimo lenye kina, linalofanana na mashimo ya maganda yaliyolia vizuri, bunduki ilifanya kazi yake na lawama ni ya risasi. Weka pembeni risasi zote za boksi hilo. Usiirudishe ile iliyogoma ndani ya bunduki ili "kuijaribu tena", na usiipasue kutafuta kilichomo. Irudishe kwa muuzaji au kwa mamlaka inayohusika na silaha.

Ikiwa fataki haina alama yoyote, pini haikufika. Huenda imevunjika ncha, huenda nyundo haikuanguka yote, au boliti ilikuwa wazi kiasi kwamba umbo lenyewe la mtambo likaizuia pini kutokeza. Ikiwa alama ipo lakini ni ya juujuu, kama iliyoguswa tu, nguvu zimepotea njiani: pini inaburuta ndani ya uchafu, springi ya nyundo imechoka, au tena ni boliti ambayo haikufunga sawasawa. Boliti inatokea katika majibu mawili kati ya matatu, na kwa maoni yangu ndipo uchunguzi uanzie, kabla mtu hajagharamia pini mpya.

Hifadhi lile ganda lenye alama hafifu pamoja na moja lililolia vizuri. Fundi akiyaona mawili hayo kando kwa kando ataelewa mengi kuliko maelezo ya mdomo.

Boliti isiyofunga

Katika shotgani nyingi za kisasa, kichwa cha boliti kina meno yanayoingia kwenye nafasi zake nyuma ya mtutu, kisha kichwa huzunguka kidogo na kujifunga. Nyingine hutumia kipande kinachoinuka na kuingia kwenye pengo lake. Kwa mifumo yote, kufunga huko hutokea katika milimita chache za mwisho za safari ya boliti. Ni kama mlango wenye komeo: unaweza kuonekana umefungwa kabisa ilhali ulimi wa komeo haujaingia kwenye tundu.

Springi inayoisukuma boliti mbele huwa na kazi kubwa mwanzoni, pale inapoitupa boliti kutoka nyuma kabisa. Kasi hiyo ndiyo inayosukuma risasi ndani ya chemba, inayokirusha kichakura cha kutolea ganda juu ya ukingo wa risasi, na inayokizungusha kichwa mpaka kifunge. Boliti ikianza safari bila kasi, springi peke yake huenda isiwe na nguvu ya kumaliza kazi. Mwindaji anayetaka kukoki kimyakimya asiwashtue ndege huishika boliti kwa mkono na kuisindikiza taratibu hadi mbele. Inasimama nywele moja kabla ya kufunga. Kwa macho, na hasa alfajiri kukiwa na giza, hakuna tofauti.

Halafu anavuta kifyatulio. Nyundo inaanguka juu ya mkia wa pini, lakini sehemu kubwa ya nguvu zake inatumika kuisukuma boliti mbele na kukizungusha kichwa. Pini inabakiwa na nguvu kidogo, fataki inapata mguso tu. Kinachowapoteza wengi ni kwamba pigo hilo la nyundo mara nyingine huimalizia boliti kufunga. Ukiangalia baada ya "tik", kila kitu kiko mahali pake. Ndipo risasi inaposhtakiwa.

Si kukoki kwa upole tu kunakoleta hali hii. Bunduki ikigongwa kitako chini wakati wa kuruka mtaro, au kishikio cha boliti kikinaswa na tawi au mkanda wa begi, boliti huweza kurudi nyuma kidogo na isirejee yote. Bunduki za mfumo wa inesha, zinazojikoki kwa nguvu ya bunduki inaporudi nyuma, zinajulikana zaidi kwa tabia hii, kwa sababu ndani ya boliti kuna springi ngumu inayoruhusu mwili wa boliti kusogea bila kichwa chake. Wanaozitumia kwa muda mrefu wana desturi moja ninayoiona inafaa kwa bunduki ya aina yoyote: kila baada ya kutembea, kupanda au kuweka bunduki chini, mtutu ukiwa umeelekea pasipo na mtu, wanakisukuma kishikio cha boliti mbele kwa kiganja. Ikiwa boliti ilikuwa imefunga, hakuna kinachosogea. Ikiwa haikufunga, mkono unahisi ikiingia.

Na wakati wa kukoki, vuta kishikio hadi mwisho kabisa kisha ukiachie kiende chenyewe. Kelele yake ni sehemu ya kazi. Kama ni lazima kukoki kimya, fanya hivyo kabla ya kufika mawindoni, kisha ukisukume kishikio kuhakikisha.

Vitu vinavyoizuia boliti hata ikiachiwa vizuri ni vidogo mno: jani lililosagika chini ya kichakura, chembe ya mchanga katika nafasi ya meno, utando wa plastiki iliyoyeyuka kwenye kuta za chemba, au ukingo wa ganda uliopinda. Kuna sehemu moja wasafishaji wengi huiruka, nayo ni pete ya nyuma ya mtutu mahali meno ya boliti yanapoingia. Masizi hujikusanya kwenye kona zake na kugandamizwa na boliti kila inapofunga, mpaka yanakuwa magumu kama rangi. Kitambaa hakiyatoi. Tumia kijiti cha mbao kilichochongwa au mswaki mgumu wenye dawa ya kuyeyusha masizi.

Kisha springi yenyewe. Katika bunduki nyingi imefichwa ndani ya bomba lililo kwenye kitako, na kwa kuwa haionekani, mtu anaweza kuimiliki bunduki miaka mingi bila kuigusa. Maji ya mvua au ya bwawa yakiingia nyuma hukaa humo. Kutu na mafuta yaliyoganda huifanya springi isuguane na bomba, na boliti inaanza kufunga kwa uvivu. Jaribu hivi, bunduki ikiwa tupu na umeikagua mara mbili: elekeza mtutu juu, vuta boliti nyuma kiasi cha theluthi moja ya njia, kisha uiachie. Ikipanda na kufunga kwa mshindo, springi ina uhai. Ikipanda kwa kujivuta au ikasimama njiani, fungua bomba hilo au mpelekee fundi. Baadhi ya bunduki zina springi hiyo kuzunguka bomba la magazini, chini ya mkono wa mbele, na hizo ni rahisi zaidi kusafisha.

Kila mfumo na udhaifu wake

Nusu-otomatiki ya kwanza iliyofanikiwa sokoni, Browning Auto-5, ilibuniwa na John Browning, aliyepata hataza yake mwaka 1900, na ikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1998. Ndani yake mtutu wote hurudi nyuma pamoja na boliti. Bado ziko nyingi mikononi mwa wawindaji. Zina pete za kusugua ambazo hupangwa kwa namna moja kwa risasi nzito na kwa namna nyingine kwa nyepesi. Zikipangwa vibaya, boliti haipati mwendo unaofaa au bunduki inajigonga yenyewe hadi kuumia. Anayerithi bunduki ya aina hii aanze kwa kukagua pete hizo.

Mfumo wa gesi, uliopata umaarufu mkubwa kupitia Remington 1100 ya mwaka 1963, huchukua gesi kidogo ya baruti kupitia matundu madogo ya mtutu na kusukuma pistoni. Hupunguza kishindo begani, lakini hula masizi. Matundu yakiziba nusu, pistoni inasukumwa kwa unyonge, boliti hairudi nyuma yote, na kwa hiyo inarejea mbele bila kasi. Hapo ganda hukwama, au risasi mpya huingia bila boliti kufunga na unapata ile "tik". Zibua matundu kwa waya laini au brashi nyembamba, na usiyapanue kamwe. Katika Remington 1100 kuna pete ya mpira inayozuia gesi kuvuja. Ikikauka na kupasuka, nguvu hupotea hata kama kila kitu kingine kinang'aa. Ni vizuri kubeba ya akiba.

Mfumo wa inesha uliobuniwa na Mwitaliano Bruno Civolani, na kuwa msingi wa kampuni ya Benelli iliyoanzishwa mwaka 1967, hauna pistoni wala matundu. Bunduki inaporudi nyuma kwa kishindo, mwili wa boliti hubaki ulipo kwa muda mfupi sana, springi iliyo ndani yake hubanwa, kisha hujiachia na kuirusha boliti nyuma. Hauna masizi mengi. Lakini unahitaji bunduki iweze kurudi nyuma. Kitako kikiegemezwa kwenye mti au ukuta, au bunduki ikiongezwa uzito wa tochi na vifaa vingine huku ikipewa risasi nyepesi, springi haibanwi vya kutosha. Anayepiga risasi zenye gramu 24 za marisau kwa bunduki ambayo mtengenezaji wake anataka nzito zaidi asishangae. Soma kijitabu chake; kiwango cha chini cha risasi kimeandikwa humo.

Mafuta

Hapa nina msimamo mkali: bunduki nyingi zinazogoma zimepakwa mafuta kupita kiasi. Mafuta hunasa baruti isiyoungua, vumbi na mbegu za nyasi, na mchanganyiko huo hugeuka ugali mweusi ndani ya njia ya pini na kwenye kikundi cha kifyatulio. Kwenye baridi kali hukaza, na pini inayotakiwa kuruka inatambaa. Njia ya pini iwe safi na kavu, au iwe na utando tu wa mafuta mepesi. Reli za boliti zipate tone dogo lililosambazwa kwa kidole. Pistoni ya gesi ifuate maagizo ya mtengenezaji, kwani wengi huitaka ikiwa karibu kavu.

Mafuta ya kupuliza ya kulegeza nati zilizoshika kutu yasikaribie risasi. Hupenya kuzunguka fataki na huweza kuiua kemikali yake polepole. Anayepulizia bunduki ikiwa na risasi ndani anavunja sheria ya usalama na kuharibu risasi kwa mpigo mmoja.

Risasi zenyewe

Zipo risasi mbovu kweli. Unyevu ndio adui wao mkubwa, na kubadilishwa mara kwa mara kutoka baridi hadi joto huleta jasho ndani ya boksi. Zihifadhi mahali pakavu pasipo na joto la kupanda na kushuka. Ganda lenye kutu kwenye kitako, lililovimba au lenye mdomo uliofunguka lisiingie kwenye bunduki.

Urefu pia ni wa kuangaliwa. Chemba za geji 12 huwa za milimita 70, 76 au 89, na kipimo kimechorwa kwenye mtutu. Urefu wa risasi hupimwa mdomo ukiwa umeshafunguka baada ya kupigwa, kwa hiyo risasi ya milimita 76 huweza kuingia bila shida kwenye chemba ya 70, kisha mdomo ukakosa nafasi ya kufunguka na shinikizo likapanda kwa hatari. Kuingia si ruhusa ya kuipiga.

Wanaojaza maganda wenyewe wana chanzo kingine cha "tik". Ganda lililopigwa hutanuka kitako. Bunduki ya kukunja, inayofunguliwa kwa kuvunjwa katikati, huweza kulilazimisha liingie, ila nusu-otomatiki haina nguvu hiyo. Ondoa mtutu kwenye bunduki, usimamishe wima, udondoshe kila risasi ndani ya chemba. Inayozama mpaka ukingo wake ukalala, kisha ikadondoka yenyewe ukiupindua mtutu, itafunga. Inayohitaji kusukumwa hata kidogo iondolewe. Pitisha kidole pia juu ya fataki: ikiwa imetokeza, itaizuia boliti, ikiwa imezama mno, pini haitaifikia kwa nguvu.

Chemba yenye kutu huleta mkasa wake baada ya mlio. Risasi za bei nafuu mara nyingi huwa na kitako cha chuma, na chuma hakirudi kwenye umbo lake haraka kama shaba nyeupe. Ganda hung'ang'ania, boliti inapoteza kasi, na mzunguko unaofuata unaanza vibaya. Brashi ya chemba, ambayo ni pana kuliko ile ya mtutu, hutatua sehemu kubwa ya tatizo hilo ikizungushwa kwa mkono na dawa kidogo.

Kabla ya msimu

Jaribio bora ni kupiga mahali panaporuhusiwa kwa risasi zilezile utakazowindia, bunduki ikiwa na vifaa vyake vyote na wewe ukiwa umevaa koti lako la mawindoni, kwani koti nene hubadilisha jinsi kitako kinavyokaa begani. Jaza magazini kwa kiwango kinachokubalika kisheria na upige yote mfululizo. Kisha okota maganda na uzitazame fataki zake. Mashimo yote yakiwa na kina sawa, mtambo uko vizuri. Moja au mawili yakiwa mepesi kuliko mengine ingawa yalilia, springi au njia ya pini imeanza kulegea, nawe umeliona jambo hilo mapema.

Kama kasoro inaendelea baada ya usafi wa pete ya mtutu, bomba la springi, njia ya pini na matundu ya gesi, na kifuniko cha magazini kimekazwa barabara, acha kuifungua zaidi. Kupunguza springi, kuchonga nyundo au kusugua kipande cha kifyatulio kwa tupa ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni, kwa sababu kosa dogo hapo huweza kuifanya bunduki ijipige yenyewe inapofunga. Mpe bunduki ikiwa tupu pamoja na yale maganda mawili, na umweleze ulikuwa umekoki vipi.